Dawa na nguo nilizotumia kwa maumivu yaliyobaki baada ya mkanda wa jeshi

Nianze na hukumu, kwa sababu anayetafuta habari hizi mara nyingi anaumwa na hajalala. Maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi kukauka yana dawa zake, na nyingi ya zile tunazozikimbilia dukani hazimo. Kwangu mimi kilichorudisha usingizi ni amitriptilini ya dozi ndogo. Kilichonirudisha kwenye cherehani ni gabapentini iliyopandishwa polepole. Kilichoniwezesha kuvaa nguo mchana kutwa ni plasta ya lidokeini, dawa ya ganzi, pamoja na singlendi niliyojishonea mwenyewe. Diklofenaki, sindano nyekundu za vitamini na maji ya mwarobaini vilikula pesa na muda, maumivu yakabaki palepale. Na kitu ninachokipa alama za juu kuliko vyote sikuchomwa mimi, alichomwa dada yangu: chanjo ya kuzuia mkanda wa jeshi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi. Nashona sare za shule na magauni, narekebisha mitumba. Nina miaka 61, nina presha ninayoimezea dawa, sukari sina. Mkanda ulinishika upande wa kushoto, ukaanzia mgongoni chini ya bega, ukapita kwapani na chini ya ziwa, ukaishia katikati ya kifua. Majirani walikuja kunipima kwa macho kila siku, maana wanaamini mikia yake miwili ikikutana mgonjwa hana siku nyingi. Daktari wa ngozi aliniondoa hofu hiyo kwa maelezo marefu ambayo nayarudia hapa kwa faida ya mwingine.

Kirusi cha tetekuwanga tulichougua utotoni hakitoki mwilini. Kinajificha kwenye vifundo vya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, na kinga ya mwili inakizuia humo miaka na miaka. Kinga ikishuka, iwe kwa umri, kwa VVU, kwa dawa za saratani, au kwa kutumia predinisoloni muda mrefu, kirusi kinaamka na kufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Kila mshipa unahudumia ukanda wake wa ngozi kwa upande mmoja tu, ndiyo maana vipele hupanga mstari na kukomea katikati ya mwili. Kwa mtu ambaye kinga imeshuka sana vinaweza kutapakaa kwingine, na huyo ni wa kuwahishwa hospitali. Lakini habari ya mikia kukutana na mtu kufa haina ukweli.

Ngozi yangu ilipona, mshipa haukupona. Uliumizwa na kirusi, ukabaki unapeleka taarifa za maumivu kwenye ubongo hata pasipo jambo lolote. Yakizidi miezi mitatu tangu vipele vitoke, madaktari wanayahesabu kuwa ugonjwa unaojitegemea. Kwa takwimu za Marekani, kati ya watu 100 waliougua mkanda, 10 hadi 18 hufikia hapo. Umri una uzito mkubwa: kijana wa miaka 30 kwa kawaida hupona akasahau, wenye miaka 60 na 70 ndio wanaobaki nayo. Aliyeumia sana tangu mwanzo, au aliyetoka vipele vingi, naye yumo kwenye kundi la hatari.

Maumivu yangu yalikuwa ya namna tatu, na nayatenganisha kwa sababu kila dawa ilishughulika na namna yake. Kulikuwa na kuungua kwa kudumu, usiku na mchana. Kulikuwa na shoti za ghafla kutoka mgongoni kuja mbele, zikipiga mguu unaachia kanyagio. Na kulikuwa na maumivu ya nguo: blauzi ikipita tu juu ya ngozi, nasikia kama nimeguswa na ncha ya pasi ya mkaa. Haya ya tatu yalinitesa kuliko mengine, maana kazi yangu ni nguo.

Kwa anayeanza kuugua leo, kabla ya habari za maumivu yaliyobaki, kuna jambo la saa. Mimi ubavu uliuma siku kadhaa kabla ya kipele chochote kuonekana. Zahanati niliyokwenda kwanza wakasema ni misuli, wakanipa diklofenaki na dawa ya kuchua. Vipele vilipotoka nikarudi, wakasema ni aleji, nikapewa losheni ya kupaka. Asaiklovia, dawa ya kupambana na kirusi chenyewe, nilikuja kuandikiwa kwingine, malengelenge yakiwa yameshaanza kupasuka. Hili bado linaniuma moyoni, kwa sababu dawa hiyo inatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Yeyote mwenye maumivu ya upande mmoja yanayofuatiwa na malengelenge ya mstari asikubali kurudishwa nyumbani na losheni peke yake. Aulize kwa adabu lakini kwa msimamo: je, huu si mkanda wa jeshi?

Aangalie na dozi. Asaiklovia ya mkanda wa jeshi kwa mtu mzima mwenye figo nzima ni miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku 7 angalau. Vidonge vya miligramu 200 vipo, kwa hiyo mlo mmoja wa dawa ni vidonge vinne. Mtu anayetoka dukani na maelekezo ya kumeza kimoja kimoja cha 200 amepewa dozi ya malengelenge ya sehemu za siri, na huo ni ugonjwa mwingine. Kumeza mara tano kunachosha, lakini ni wiki moja. Valasaiklovia inafanya kazi ileile kwa kumeza mara tatu kwa siku, miligramu 1000 kila mara, na kama mfuko unaruhusu ni rahisi kuifuata. Zote zinataka maji mengi kwa ajili ya figo.

Niseme ukweli wote kuhusu hizi dawa za kirusi. Zinafupisha siku za malengelenge na kupunguza maumivu ya wiki za mwanzo, hilo halina ubishi. Lakini mapitio ya tafiti hayakuonyesha kwamba asaiklovia inazuia kwa uhakika maumivu ya miezi sita baadaye. Predinisoloni nayo, ambayo baadhi ya watu huongezewa, haizuii. Mtu anaweza kufanya kila kitu kwa wakati wake na bado akabaki na maumivu, na asijilaumu. Vipele vikitoka kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, hapo suala si maumivu tena, ni kuona. Aende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Sasa amitriptilini. Nilipopeleka cheti duka la dawa, binti aliyekuwa kaunta alikisoma, akainama karibu yangu na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, hii ni ya kwako mwenyewe?" Nilielewa anachouliza. Ni dawa ya zamani ya sonona na watu wanaijua hivyo. Nilimjibu ni ya mishipa, akatulia, akanifungia. Namsimulia kwa sababu najua wapo walioandikiwa dawa hii wakaiacha kwenye droo kwa kuogopa jina. Kwa maumivu ya mishipa ya fahamu inatumika kwa dozi ndogo kuliko ile ya sonona, na inafanya kazi hata kwa mtu ambaye moyo wake hauna huzuni yoyote. Mimi nilianzishiwa nusu ya kidonge cha miligramu 25.

Daktari aliniambia, "Mama, meza saa mbili usiku, usisubiri mpaka unapanda kitandani. Ukichelewa, asubuhi utaamka mzito." Ushauri huo una thamani ya dawa yenyewe. Usingizi ulikuja kwanza, kabla maumivu hayajapungua, na kwangu hilo peke yake lilikuwa neema, maana mtu aliyelala anavumilia mengi. Kuungua kulipungua wiki zilizofuata, taratibu mno kiasi kwamba binti yangu ndiye aliyeona kwanza kwamba naimba tena jikoni. Mdomo ulikauka, nikawa na chupa ya maji kando ya cherehani. Choo kilikuwa kigumu, papai lilisaidia. Nikiinuka ghafla kichwa kinazunguka, kwa hiyo nilijifunza kukaa kidogo ukingoni mwa kitanda kwanza. Dawa hii si ya kila mtu: mwenye matatizo ya mapigo ya moyo, mwenye presha ya macho, na mzee wa kiume mwenye tezi dume anayepata shida kukojoa waseme kabla ya kuandikiwa. Kwa wazee sana inaweza kuleta kuchanganyikiwa na kuanguka. Ni ya bei nafuu, na katika dawa zote za mdomo nilizotumia ndiyo ninayoipa alama ya juu kwa pesa iliyotoka.

Gabapentini ilikuja baadaye, shoti zilipogoma. Hii watu wengi wanaihukumu kabla ya wakati. Wanapewa kapsuli ya miligramu 300 usiku, wanameza siku chache, hawaoni kitu, wanasema haifai. Kapsuli moja ni mlango tu. Dozi inapandishwa hatua kwa hatua, na kwa maumivu ya namna hii wengi huhitaji kufika miligramu 1800 kwa siku, zikigawanywa mara tatu. Mimi nilipanda polepole kuliko kawaida kwa sababu ya kizunguzungu. Kila dozi ilipoongezwa niliyumba nikitembea, na daktari alinikataza mashine ya mota. Nilirudi kwenye cherehani ya kukanyaga ambayo nilikuwa nimeifunika kitambaa, nikashona mishono iliyonyooka tu, pindo za mashuka na mapazia, mpaka kichwa kilipokaa sawa. Sare zenye kola niliwaachia vijana wangu.

Miguu ilivimba kidogo jioni. Kabla ya kuanza nilipimwa figo, kwani dawa hii inatoka kwa njia ya figo na mwenye figo dhaifu anapewa dozi ndogo zaidi. Haichanganywi na pombe wala dawa za usingizi, na haiachwi ghafla. Mapitio makubwa ya tafiti yanasema kati ya watu 10 wenye maumivu haya wanaotumia gabapentini kwa dozi ya kutosha, 3 au 4 hupata nafuu ya nusu au zaidi, na kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani, 1 au 2. Hiyo si miujiza. Ni vizuri kuijua namba hiyo kabla ya kuanza, ili isipokufanyia kazi usidhani umerogwa au dawa ni feki. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliobahatika: shoti zilipungua hadi nikawa napitisha siku nzima bila hata moja. Pregabalini ni ndugu yake, inamezwa mara mbili kwa siku, inapandishwa haraka zaidi. Nilipoiulizia ilikuwa ghali kwangu, nikabaki na niliyokuwa nayo. Hazimezwi zote mbili.

Zilizoshindwa nitazipitia haraka. Diklofenaki ni dawa ya uvimbe, ya goti na mgongo. Maumivu ya mshipa ulioharibika hayatokani na uvimbe, kwa hiyo hayaisikii, na mwenye presha kama mimi anajiongezea hatari ya figo na tumbo bure. Panadoli vilevile haikugusa, ingawa haikunidhuru. Sindano nyekundu za vitamini B12 na vidonge vya vitamini B mchanganyiko huandikwa kila mahali mtu akitaja neno mishipa. Aliyepungukiwa B12 kweli mishipa yake inaumia na sindano zinamponya. Mimi sikuwa nimepungukiwa, na hazikubadilisha kitu. Tena vitamini B6 ikimezwa kwa wingi muda mrefu yenyewe inaharibu mishipa ya fahamu, jambo ambalo hakuna aliyenitajia dukani. Maji ya mwarobaini yalipoza ngozi wakati wa kuwasha, na hapo ndipo kazi yake ilipoishia. Tramadoli sikupewa. Niliomba siku moja nilipokuwa nimezidiwa, daktari akakataa akaeleza kwamba pamoja na amitriptilini inaweza kuleta degedege na mvurugiko mwingine wa hatari, na kwamba kuizoea ni rahisi. Nilimshukuru baadaye.

Pilipili inastahili maelezo yake. Krimu ya kapsaisini imetengenezwa na kile kinachofanya pilipili iwashe, na inatumika kweli kwa maumivu haya, asilimia 0.075 au pungufu, mara tatu au nne kwa siku kwa wiki kadhaa. Inachosha miisho ya mishipa ya ngozi mpaka inapunguza kelele. Tatizo ni kwamba wiki ya kwanza inaunguza juu ya kuungua, na mtu asipoonywa anaitupa. Mimi nilivumilia nikapata nafuu ndogo ya kuungua, lakini kwa kazi ya kushika vitambaa vya watu haikunifaa: mikono naosha kwa sabuni, bado nikigusa jicho nalia. Kuna plasta ya asilimia 8 ya kapsaisini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009. Hiyo inabandikwa na wahudumu hospitalini kwa saa moja na nafuu yake inaweza kufika miezi mitatu. Sijaitumia. Ninachokataza kwa nguvu zangu zote ni kutwanga pilipili kichaa, kuchanganya na mafuta na kujipaka. Jirani yangu aliniletea kwa upendo kabisa kwenye kichupa cha jamu, nikamrudishia. Hakuna anayejua kiasi kilichomo, na ngozi iliyotoka kwenye malengelenge inaungua vibaya.

Plasta ya lidokeini ndiyo niliyoipenda kuliko kitu chochote cha kubandika. Dada yangu anaishi Minnesota, na kule plasta za asilimia 4 zinauzwa madukani bila cheti. Za asilimia 5 zinahitaji cheti. Alikuja na boksi kadhaa kwenye begi. Plasta za asilimia 5, ndizo zilizothibitishwa kwa maumivu haya, hubandikwa kwa saa 12, halafu ngozi hupumzishwa saa 12, na zisizidi tatu kwa wakati mmoja. Zile za asilimia 4 maelekezo yake yako kwenye boksi, yafuatwe hayo. Zote hazibandikwi juu ya kidonda kibichi, na haziwekewi joto juu yake. Kinachonifurahisha ni kwamba dawa inabaki pale kwenye ngozi, kidogo mno ndiyo inaingia kwenye damu, kwa hiyo haigombani na vidonge vya presha wala haileti usingizi. Kwa mzee anayeyumba kwa gabapentini, hii ndiyo ningemtafutia kwanza kama ina njia ya kupatikana.

Zinakatika kwa mkasi kabla ya kuondoa karatasi ya nyuma, na hapo ufundi wangu ulinifaa. Plasta ya mstatili haikai chini ya ziwa, inajikunja na kubanduka kwa jasho. Nilichukua gazeti nikachora umbo la pale panapouma, lenye mpindo wa chini ya ziwa na mkia mwembamba kuelekea mgongoni, nikalitumia kukatia. Vipande viwili vilivyopindwa vilikaa kutwa nzima nikishona. Ganzi yake si ya kufa kabisa, lakini nguo ikipita juu ya plasta haigusi ngozi, na hilo nalo ni nusu ya dawa.

Nifike kwenye nguo, ambayo hakuna daktari aliyenieleza na ndiyo ninayoijua. Nilichogundua ni kwamba kinachouma ni kuguswa kidogo kwa kusuguasugua, kuliko kubanwa. Gauni pana linalopepea, ambalo kila mtu alinishauri nivae, lilikuwa adhabu: kila hatua linapitapita juu ya ngozi. Khanga kuukuu ikizungushwa kifuani kwa kukaza kiasi ilituliza. Daktari aliniambia ni jambo linalofahamika, kwamba mishipa inayopokea mguso mwepesi ndiyo imechanganyikiwa, na mkandamizo uliotulia unavumilika zaidi.

Kwa hiyo nilishona singlendi ya kubana. Kitambaa nilikitafuta kwenye soko la mitumba la Memorial, fulana za kiume za pamba tupu zilizofuliwa mpaka zimelegea. Pamba mpya haifai, hata ya bei: ina wanga wa kiwandani na manyoya madogo yanayochoma. Khanga mpya ndiyo kabisa. Poliesta inashika jasho, na jasho likikauka ngozi inawaka. Lesi nisiizungumzie. Niliishona kwa kuigeuza, mishono na ovaloki vikabaki nje, ndani kukawa laini kote. Mshono wa ubavu wa kushoto niliuondoa kabisa, nikakata kitambaa kimoja kinachozunguka kutoka mgongoni mpaka mbele na kuungia upande wa kulia usiouma. Lastiki hakuna. Chini nilipinda pindo pana la vidole vitatu lishuke hadi kiunoni, lisije likaishia juu ya ukanda wenyewe. Sidiria niliiweka kando, na badala yake mbele niliongeza tabaka la pili la kitambaa kwa ajili ya kushikilia. Uzi niliotumia ni wa pamba, kwa sababu wa nailoni ncha yake ikitokeza ndani ni sindano. Lebo zote nilizing'oa.

Nimewashonea wengine tangu hapo, akiwemo mzee mmoja ambaye mkanda ulimpita kiunoni na hakuweza kufunga mkanda wa suruali. Kwake nilitoa mkanda, nikamwekea mabega ya kushikilia suruali na fulana ndefu ya kubana ndani. Alivaa akakaa kanisani ibada nzima.

Kuna jambo jingine ambalo linawafanya watu wafiche ugonjwa huu mpaka saa 72 zinapita: wanaogopa kuambiwa wana UKIMWI. Mimi nilipimwa VVU, nikakutwa sina, na nilikubali kupimwa bila kinyongo. Ni kweli Shirika la Afya Duniani linauweka mkanda wa jeshi kwenye hatua ya pili ya dalili za VVU, na kijana anayeupata anastahili kupimwa kwa faida yake mwenyewe. Lakini umri pekee unatosha kuuleta. Bibi wa miaka 75 aliyepata mkanda ni bibi aliyeugua tetekuwanga utotoni, basi. Aliyekutwa na VVU naye anatibiwa maumivu haya kwa dawa zilezile, akimweleza daktari ARV anazotumia. Maneno ya kibarazani yasimcheleweshe mtu kupata dawa.

Chanjo. Dada yangu ana miaka 67, ametunza wazee wa watu kule Minnesota miaka mingi na aliwaona walioumwa hivi. Alichanjwa Shingrix duka la dawa la mtaani kwake, dozi mbili, bila kulipa, kwa sababu tangu mwaka 2023 bima ya wazee ya serikali ya Marekani, kupitia sehemu yake ya dawa, inalipia chanjo hiyo yote. Iliidhinishwa huko Oktoba 2017 kwa wenye miaka 50 na kuendelea, na baadaye kwa watu wazima wote ambao kinga yao ni dhaifu. Dozi ya pili inachomwa miezi 2 hadi 6 baada ya ya kwanza. Kwenye majaribio ilizuia mkanda kwa zaidi ya asilimia 90 kwa wenye miaka 50 na kuendelea, na maumivu yaliyobaki yalipungua kwa kiwango kinachokaribia hicho, hata kwa waliovuka 70. Ile ya zamani, Zostavax, ilipunguza mkanda kwa nusu tu na maumivu kwa theluthi mbili, na huko Marekani chanjo hiyo iliacha kutumika Novemba 2020.

Zostavax ilikuwa na kirusi hai kilichodhoofishwa, haikuwafaa wenye kinga ndogo sana. Shingrix haina kirusi hai. Ina protini moja ya kirusi pamoja na kiamsho cha kinga ambacho sehemu yake inatoka kwenye gome la mti wa Chile. Kiamsho hicho ndicho kinachofanya mkono uume. Dada alilala na homa na baridi usiku mmoja, mkono ukauma siku mbili, akaendelea na kazi zake. Alinieleza mapema kwamba wengi hupata hivyo, kwa hiyo hakushtuka, na ya pili hakuiacha. Ya pili haiachwi.

Mimi niliyeugua tayari naruhusiwa kuchanjwa baada ya vipele kupona, ili nisirudiwe. Haitatibu maumivu niliyonayo, hilo nimelielewa. Naweka akiba kwa ajili yake. Nawaambia watoto walioko nje wenye wazazi wa miaka 50 na zaidi: mzazi akija kuwatembelea mahali ambapo chanjo hii inapatikana, ulizeni, na kabla ya dozi ya kwanza pangeni ya pili itachomwa wapi na lini. Inatunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 na haitakiwi kugandishwa, kwa hiyo si kitu cha kubebwa kwenye begi pamoja na plasta.

Hivi sasa bado nipo kwenye nusu kidonge cha amitriptilini usiku. Gabapentini tumeanza kuishusha, kapsuli moja moja kwa maelekezo ya daktari. Tulipojaribu kushuka zaidi kwenye baridi ya Julai kuungua kukarudi, tukapanda hatua moja na kubaki hapo. Plasta zimebaki chache, nazitumia siku za kazi nyingi. Singlendi ninazo za kubadilisha, na sare za Januari nitashona mwenyewe, pamoja na kola zake.